Mumbo Jumbo: Jina Lililogeuzwa Upuuzi

Katika lugha ya Kiingereza limo neno ambalo kila mwanafunzi wa sekondari hulikuta mapema au baadaye, ama gazetini, ama kitabuni, ama kinywani mwa mwalimu aliyechoka. Neno hilo ni mumbo jumbo. Mtu asomaye mkataba wa bima asiufahamu husema kuwa umejaa mumbo jumbo. Mganga anuizaye maneno yasiyojulikana huambiwa kuwa asema mumbo jumbo. Na daktari wa hospitali aelezaye maradhi kwa majina ya Kilatini huambiwa vivyo hivyo. Kamusi hulipa neno hili maana mbili zilizo jirani: maneno yasiyo na maana ambayo hata hivyo hujitia kuwa na maana kubwa, na ibada au desturi ifanywayo kwa kishindo ili kuwapumbaza watu. Yote hayo twaweza kuyaita upuuzi, lakini ni upuuzi wa namna ya peke yake. Mtoto abwabwajaye hasemi mumbo jumbo, wala mlevi apayukaye njiani. Asemaye mumbo jumbo sharti awe amevaa joho.

Msemaji wa Kiswahili alisikiapo neno hili kwa mara ya kwanza hudhani kuwa amekutana na ndugu yake ugenini. Je, mambo si wingi wa jambo? Na jambo si salamu ijulikanayo na kila mgeni ashukaye Mombasa? Basi wako watu waliosema, na wengine wangali wakisema, kwamba Waingereza waliokota maneno yetu mawili, wakayafunga pamoja kama kuni, wakayapeleka kwao. Maelezo hayo yapendeza sikio, lakini si ya kweli, na ubaya wake waweza kuonyeshwa kwa tarehe na ramani tu. Neno hili lilichapwa katika kitabu cha Kiingereza mwaka 1738, na mtu aliyeliandika alilisikia kando ya mto Gambia, upande wa pili kabisa wa bara la Afrika, mahali ambapo hapakuwa na mtu asemaye Kiswahili. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa ukoo. Atakaye kujua asili ya neno hana budi kuuliza kwanza: lilionekana wapi, lini, na katika mikono ya nani?

Hadithi ya namna iyo hiyo husimuliwa juu ya Jumbo, yule tembo mashuhuri aliyekamatwa angali mtoto katika nchi za Sudan, akaletwa kwenye bustani ya wanyama ya London mwaka 1865, akauzwa kwa Barnum wa Marekani mwaka 1882, na mwishowe akauawa na gari moshi nchini Kanada mwaka 1885. Husemwa kuwa jina lake latokana na jumbe au jambo. Lakini mtaani Uingereza neno jumbo lilikwisha kutumiwa kwa mtu mnene mzito wa mwendo tangu 1823, yaani zaidi ya miaka arobaini kabla tembo huyo hajakanyaga London, na yamkini ni mkia uliokatwa kutoka mumbo jumbo lenyewe. Wanaoiita ndege kubwa kwa jina la jumbo wamshukuru tembo. Kiswahili hakimo katika deni hilo.

Sasa tuende Gambia. Mtu tunayemtafuta ni Bwana Francis Moore, karani wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika, aliyefanya kazi kando ya mto huo tangu 1730 hata 1735. Yafaa kusema wazi kazi hiyo ilikuwa nini. Kampuni ilinunua dhahabu, pembe na nta, na ilinunua watu. Moore alikaa katika vituo vya biashara, akaandika hesabu, na usiku akaandika habari za nchi. Aliporudi kwao alitoa kitabu cha safari zake mwaka 1738. Si mwandishi wa maneno matamu, lakini ana macho, na mara nyingi huandika alichokiona kabla ya kuandika alichokifikiri. Hiyo ni sifa ambayo wasafiri wengi waliomfuata waliikosa.

Moore aeleza kwamba Wamandinka walikuwa na kitu kiitwacho Mumbo Jumbo. Kilikuwa vazi refu la magamba ya miti, lenye kishungi cha majani makavu juu yake, na mtu akilivaa urefu wake ulifika futi nane au tisa. Kilitokea usiku. Wanaume walijua kuwa ndani yake mna mwanamume mwenzao. Wanawake hawakutakiwa kujua. Palipotokea ugomvi nyumbani kati ya mume na wake zake, Mumbo Jumbo aliitwa aje kuamua, na hukumu yake haikukatiwa rufani. Aliyetaka kuingizwa katika siri hiyo alikula kiapo kwamba hatamwambia mwanamke wala mtu yeyote asiyeingizwa, na kijana asiyefika miaka kumi na sita hakukubaliwa. Tena wanaume hao walikuwa na lugha yao ya siri, ambayo wanawake hawakuifahamu hata kidogo, na waliitumia hasa walipozungumza juu ya Mumbo Jumbo.

Yuko mfalme mmoja, wa nchi ya Jagra, ambaye katika miaka ya 1720 alibembelezwa na mkewe mpaka akamfunulia siri. Mke akawaambia wenziwe. Wakuu waliposikia walimwita mfalme huyo mbele ya Mumbo Jumbo, na yeye pamoja na mkewe wakauawa.

Msomaji asiipite habari hii haraka. Lugha ile ya siri, kwa mwanamke aliyeisikia nyuma ya ukuta, ilikuwa sauti tupu, kama neno mumbo jumbo lilivyo leo kwa Kiingereza. Lakini kwa wanaume walioisema ilikuwa na maana iliyokamilika, na mtu aliweza kufa kwa ajili yake. Kutofahamika hakukuwa kasoro ya lugha hiyo. Kulikuwa ndiyo kazi yake. Tena Moore asema kwamba watu waliapa kwa Mumbo Jumbo, na kiapo hicho walikihesabu kuwa hakivunjiki. Jambo hili lastahili kufikiriwa sana. Kitu ambacho leo Kiingereza hukitaja kwa kuonyesha maneno yasiyo na thamani, huko kwao kilikuwa dhamana ya maneno. Mtu aliposema kwa jina hilo, neno lake lilikuwa limefungwa.

Katika ukurasa ule ule Moore ametia maneno machache katika mabano, na kwa maoni yangu hayo ndiyo maneno bora ya kitabu chake. Asema kwamba wanawake ni wajinga kiasi cha kudhani Mumbo Jumbo ni mtu wa mwituni, kisha aongeza kwamba au labda hulazimika kujifanya wajinga. Mabano hayo ni mlango mdogo ulioachwa wazi. Kwa hakika mwanamke aliyeishi mjini maisha yake yote, aliyemjua kila mwanamume kwa mwendo na kikohozi, je, hakumtambua jirani yake kwa sababu amevaa magamba ya mti? Moore hakuingia mlango huo. Wala hakumwuliza mwanamke hata mmoja. Hata hivyo aliuona, naye ni karani tu. Wako wataalamu wa baadaye wasiouona.

Miaka sitini hivi baadaye alikuja Mungo Park, mganga kijana kutoka Scotland, aliyetumwa na Chama cha Afrika cha London kuutafuta mto Niger. Aliondoka Pisania, Gambia, mwezi wa Desemba mwaka 1795, na siku chache tu njiani alifika mji wa Kolor. Karibu na lango la mji akaona vazi la magamba ya miti limetundikwa mtini. Akauliza, akaambiwa ni la Mumbo Jumbo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1799, kikasomwa kote Ulaya, na ndicho kilicholipeleka neno hili mbali kuliko kile cha Moore.

Picha ya Park yauma zaidi. Aeleza jinsi sauti za kutisha zinavyosikika kutoka msituni jua likichwa. Jinsi watu wanavyokusanyika penye baraza la mji, wanawake wote wakiwemo, kwa kuwa hakuna athubutuye kubaki nyumbani. Jinsi ngoma na nyimbo zinavyoendelea hata usiku wa manane. Kisha Mumbo Jumbo humteua mwanamke mwenye hatia, naye hukamatwa, huvuliwa nguo, hufungwa kwenye nguzo na kuchapwa fimbo mbele ya watu wote. Park aongeza kuwa katika kumzomea mwenzao, wanawake ndio waliopaza sauti kuliko wote. Aliona kuwa hilo ni ajabu. Msomaji akumbukaye mabano ya Moore hataliona kuwa ajabu sana: anyamazaye wakati wengine wanazomea huenda akateuliwa usiku wa pili.

Yapasa kupima ushahidi huu. Alichokiona Park kwa macho yake pale Kolor ni vazi. Lililobaki aliliandika kama desturi ya miji yote ya Wamandinka wasio Waislamu, bila kutaja usiku fulani wala mwanamke fulani. Simulizi za namna hiyo huwa na ukweli, lakini huwa pia na unyofu usio wa maisha. Wala hawa wawili hawakuwa wageni wa nchi isiyo na elimu. Moore mwenyewe, mwaka 1734, alimpokea Gambia Ayuba Suleiman Diallo, mwanachuoni wa Kiislamu aliyeuzwa utumwani akapelekwa Maryland, kisha akakombolewa na kurudi kwao. Huyo aliijua Kurani kwa moyo. Nasema haya kwa sababu baadaye wasomaji wa Ulaya walilisoma lile vazi la mtini kana kwamba ndilo lililokuwa elimu yote ya nchi ile.

Wataalamu wa lugha hulihusisha jina hili na neno la Kimandinka maamajomboo, jina la mcheza ngoma aliyevaa vazi la kujificha. Hata leo nchini Gambia na Senegal yupo Kankurang wa Wamandinka, avaaye magamba na nyuzi nyekundu za mti uitwao faara, atokeaye wakati wa jando na kulinda vijana walio kumbini. Mwaka 2005 UNESCO ilimtangaza kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu. Nisingesema kwamba Kankurang ndiye Mumbo Jumbo wa Moore, lakini aliyemwona mmoja hatashindwa kumwaza mwingine.

Sasa, jina lilifikaje kuwa upuuzi? Halikufika kwa siku moja. Katika vitabu vya mwanzo Mumbo Jumbo ni mtu aliyevaa vazi, mahali pajulikanapo. Wasomaji wasiojua mahali hapo wakamfanya sanamu, mungu wa Waafrika wote. Katikati ya karne ya 19 waandishi wa London wakaanza kulitumia jina kwa chochote kiabudiwacho bila akili, hata kama kimo Uingereza kwenyewe. Mwishoni mwa karne hiyo likawa maneno yasiyoeleweka. Kila hatua ilikuwa fupi, na katika kila hatua mtu mmoja alisahauliwa: kwanza hakimu, kisha mji, kisha yule mwanamke kwenye nguzo. Mwishowe ilibaki sauti.

Na sauti hiyo ndiyo iliyoliponza jina. Kiingereza kina maneno mengi ya jozi yenye vina, kama helter-skelter, hugger-mugger na harum-scarum, na karibu yote ni ya mzaha, ya fujo au ya siri chafu. Sikio la Kiingereza likisikia jozi ya namna hiyo hutabasamu kabla ya kujua maana. Sivyo ilivyo kwetu: sisi twasema polepole, mbalimbali, vilevile, wala hapana achekaye. Tena limo katika Kiingereza tendo la kumumunya maneno, mumble, ambalo laanza kwa sauti ile ile. Linganisha na habari za pwani yetu. Wamijikenda walikuwa na ngoma ya siri ya wazee iitwayo mwanza, iliyonguruma kwa kusuguliwa, na wanawake na watoto walipoisikia walijificha wasiione. Wamisionari Krapf na New waliiandika habari yake katika karne ya 19. Ni desturi ya ukoo mmoja na ile ya Gambia, na hao waliisema vibaya vile vile. Hata hivyo mwanza haikuwa neno la dhihaka katika Kiingereza. Haikuwa na kina.

Haifai kudhani kwamba Waingereza waliwatenda hivi Waafrika peke yao. Wana neno jingine, hocus-pocus, la viini macho na hila za maneno, lililojulikana tangu karne ya 17. Askofu Mkuu Tillotson wa Canterbury, katika karne hiyo hiyo, alidhani kuwa ni mchezo wa kuyapotoa maneno ya Kilatini ambayo padri wa Kikatoliki huyasema akiuweka wakfu mkate. Dhana yake haikuthibitishwa. Lakini yaonyesha tabia: dini ya jirani, isemwapo kwa lugha usiyoijua, huwa rahisi kuigeuza kelele. Tofauti ni kwamba Mkatoliki wa Uingereza aliweza kujibu kwa Kiingereza.

Mfano mbaya kuliko yote niujuao wa matumizi ya jina hili ni shairi la Mmarekani Vachel Lindsay liitwalo "The Congo", lililotoka mwaka 1914. Lindsay alikuwa na sikio zuri la mapigo, na shairi lake lilisomwa kwa sauti mbele ya makutano makubwa. Humo amemfanya Mumbo Jumbo kuwa mungu wa Kongo. Kutoka Gambia hata Kongo ni maelfu ya kilomita, na ni lugha za jamii nyingine kabisa. Lakini mshairi hakuhitaji nchi, alihitaji mshindo wa ngoma. Watetezi wake husema aliwapenda watu weusi. Yawezekana. W. E. B. Du Bois, katika gazeti la The Crisis mwaka 1916, alikwisha kusema kwamba Lindsay aliyajua mambo mawili tu ya watu weusi, uzuri wa mapigo ya muziki wao na ubaya wa walevi wao. Sina la kuongeza katika hukumu hiyo, ila kwamba mtu apendaye mapigo ya jina asiulize jina ni la nani amependa masikio yake mwenyewe.

Mwaka 1972 Mmarekani mwingine, mweusi, Ishmael Reed, alitoa riwaya na kuiita Mumbo Jumbo. Mwanzoni ameweka maelezo ya kamusi yanayolirudisha jina kwa Wamandinka, nayo hulieleza kuwa ni la mganga awaondoaye mizimu wenye taabu. Hadithi ni ya miaka ya 1920: ugonjwa wa kucheza ngoma umetoka New Orleans ukielekea New York, na watawala wataka kuuzima. Kitabu chenyewe kina picha, matangazo, tanbihi na vipande vya historia vilivyotupwa ndani kama mboga sokoni, hata msomaji asiye na subira husema: haya ni mumbo jumbo! Ndipo Reed amekuotea. Amekuweka nje ya ukuta, uisikie lugha usiyoingizwa, ujue hali ilivyo. Kwa upande huo ni kazi ya ustadi mkubwa. Kwa upande mwingine nina lawama moja: katika kulikomboa jina, Reed amemkomboa mganga, lakini mwanamke wa Kolor angali nguzoni. Jina lililotukanwa na wageni halitakasiki kwa kuwa limetukanwa. Lilikuwa la hakimu, na pia la fimbo.

Nasi tusikae kitini pa hakimu tukijiona safi. Katika karne ya 19 watu wa pwani waliwaita watu wa bara washenzi, na neno hilo lilipanda na misafara hadi maziwani. Halikuwa jina la kabila lolote. Maana yake ilikuwa tu kwamba hawa si sisi, hawana ustaarabu wetu, wala maneno yao hayahesabiwi. Kisha walowezi wa Kenya wakalichukua kwetu wakalitia katika Kiingereza chao, shenzi, wakaliita hivyo jiko bovu, mbwa asiye na asili, na mara nyingine mtumishi. Chombo tulichokichonga wenyewe kilitumiwa kutupimia.

Limebaki swali dogo la mtafsiri. Mwanafunzi akipewa sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba wanasheria wamejaza hati mumbo jumbo, aandike nini? Upuuzi ni hafifu, kwa sababu hati hiyo yaweza kumnyang'anya mtu shamba. Porojo ni ya barazani, haina joho. Mazingaombwe yakaribia zaidi, kwani mna ndani yake hila na mtu asimamaye mbele ya watu. Lakini mazingaombwe ni ya macho, na hapa hila ni ya masikio. Mimi ningeandika "maneno ya kufumba", na katika nafasi nyingine "lugha ya waliomo". Hilo la pili ni refu, nami nakiri halipendezi ulimini, ila limekumbuka ya kwamba wapo waliomo na wapo wasiomo, na kwamba wa ndani huelewana vizuri sana.